Tupeane uzoefu: "let go" ya Kiingereza ilikukuta wapi?

Mshumaa
Wakuu, habari za jioni. Leo nimesoma barua ya mtu kuachishwa kazi, imeandikwa kwa Kiingereza laini kabisa, na tangu nimeiweka chini sijaweza kufanya kingine. Ndani kuna yale maneno: "we have to let you go".

Nimemkumbuka dada mmoja tuliyefanya naye kazi ughaibuni. Mchapakazi, na Kiingereza chake cha darasani kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu. Alikuwa ameomba likizo akamwone mama yake mgonjwa. Ijumaa moja meneja akamwita, akamwambia wamekaa, wamejadiliana, na "we've decided to let you go". Yule dada alisikia jibu alilokuwa akilisubiri: amekubaliwa aende. Akashukuru, akampa mkono, akatoka. Meneja akaja kutusimulia kwamba hajawahi kuona mtu anayepokea habari ngumu kwa heshima namna ile.

Dada akasafiri, akamuuguza mama yake, akarudi. Kadi yake ikakataa kufungua mlango. Aliyemweleza kwamba si mfanyakazi tena ni mlinzi wa getini, akisoma majina kwenye karatasi.

Maneno mawili ambayo mtoto wa shule ya msingi anayajua, moja moja. Kwenu yalikuja kwa sura gani? Kazini, hospitali, kwenye simu, kwenye mapenzi? Karibuni.

Kambi Popote
Hii mada naweka kambi.

Bint Zawadi
Mlinzi ndiye akuambie? Imeniuma kama ni mimi.

Mwalimu Mstaafu
Mshumaa umefungua jambo zito. Sisi kitenzi chetu kinabadilika mkia na maana inaonekana: acha, achia, achilia, achisha, achana, jiachia. Ukisikia "ameachishwa" huwezi kudhani ni "ameachiliwa". Mwingereza anaviacha vitenzi vyake vilevile, na maana inatokana na nani anamwambia nani. Polisi akisema "we let him go", mtu yuko huru. Mwajiri akisema maneno hayohayo, mtu hana kazi. Mwalimu wa kuogelea akikuambia "let go", anataka uachie ukingo. Mshauri nasaha akikuambia "let go", anataka uache kuibeba huzuni ya zamani. Sauti ni ileile, herufi zilezile.

Shoka
Mwalimu, tumeombwa uzoefu, hatujaombwa somo.

Mwalimu Mstaafu
Uzoefu wangu ni darasani, kijana. Nimeona watoto wenye akili wakipata sifuri kwa sababu ya sentensi kama hizi. Huo nao ni uzoefu.

Baharia wa Zamu
Mwalimu yuko sahihi, na sisi wa melini tunalijua kwa mwili. "Let go the anchor": nanga inaachiwa, inazama, meli inakaa. "Let go the lines": kamba zinafunguliwa gatini, meli inaondoka. Maneno yaleyale, moja linakubakiza na jingine linakuondoa.

Tulikuwa tunatoka bandarini, upepo mkali, mabaharia wa lugha tofauti tofauti. Ofisa aliyekuwa juu alikuwa mgeni kwenye meli ile. Akaita kwenye redio: "Forward, let go!" Basi. Hakutaja kitu. Sisi wa omo, mbele ya meli, tulikuwa tumesimama kati ya kamba na nanga, kwa sababu wakati wa kutoka nanga inawekwa tayari kwa dharura. Mmoja akaenda kwenye kamba. Mwenzake aliyekuwa kwenye winchi ya nanga akafungua breki.

Kama hujawahi kusimama karibu na mnyororo wa nanga unapokimbia, siwezi kukueleza. Vumbi la kutu linajaa hewani, cheche zinaruka, sitaha inatetemeka mpaka kwenye meno. Tagi, zile boti za kuvuta meli, zilikuwa zinatuvuta kwenda nje na nanga inatushika chini. Serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani, alimsukuma yule kijana pembeni na kuifunga breki kwa mikono yake mwenyewe. Hakuumia mtu, lakini mikono ya serahangi ilitetemeka mpaka jioni, na yule ni mtu aliyepita tufani nyingi.

IMO, shirika la kimataifa la usafiri baharini, lilipitisha misemo sanifu ya mawasiliano ya melini mwaka 2001, na "let go" imo, imeelezwa maana yake. Agizo linalofaa linataja kitu: nanga ya kushoto, kamba ya omo. Anayesema "let go" halafu akanyamaza anacheza na roho za watu.

Kambi Popote
Baharia umenipeleka sitahani kabisa.

Mpole Daima
Yangu ni ndogo lakini iliniumiza kipindi kirefu. Nilikuwa na mchumba wa nchi nyingine, tunaongea kwa simu tu. Kila mwisho wa maongezi: "Okay, I'll let you go now." Mimi kwangu maneno hayo ni ya kuachana. Kila usiku nalala na mawe kifuani, asubuhi ananitumia ujumbe mtamu, sielewi nani ninayeongea naye. Mpaka dada yake akanieleza kwamba ni namna ya kuaga: nisikuchoshe, nikuache uendelee na mambo yako.

Shoka
Hapo dada yake alikuficha. Wenyewe wakisema hivyo ni wao waliochoka. Wanakugeuzia wewe ionekane ndiye mwenye haraka.

Mpole Daima
Shoka, tumeoana. Nafikiri namjua kuliko wewe.

Bint Zawadi
Hongereni sana! Ila Shoka hajakosea kote. Bosi wangu akisema "I'll let you go" anamaanisha toka ofisini kwangu. Akisema mama mkwe, kweli anakuhurumia muda wako.

Nyumba ya Pili
Nimesoma tangu juu nikiwa nataka kupita kimya. Baharia alipoandika mnyororo unavyokimbia nikashindwa.

Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali. Akapata ajali, akawekwa chumba cha wagonjwa mahututi kwenye mashine ya kupumulia. Sisi nyumbani tuliishi kwa simu. Baba ndiye aliyeandikwa kama ndugu wa karibu, kwa hiyo kila simu ilikuja kwake. Kiingereza chake kilikuwa cha kazi yake ya zamani, cha barua na hesabu na maagizo, na alikuwa anajivunia nacho, na sisi tulijivunia naye. Wakisema "stable", baba anatugeukia: hajambo. Kwa siku hizo zote tuliamini hajambo.

Usiku ule tulikuwa sebuleni wote. Baba akaweka spika. Alikuwa daktari mwanamke, sauti ya upole, anaongea taratibu ili baba amfuate. Akasema wamefanya kila walichoweza. Akasema kaka amepambana sana. Halafu akasema: "We feel it is time to let him go. We would like to know that you agree."

Baba akasimama. "Yes. Yes, doctor, I agree. Thank you. Thank you very much."

Kulikuwa na kimya upande wa pili, kisha yule daktari akamwambia ni mtu jasiri. Baba alipokata simu akatutazama mmoja mmoja, akasema: "Wanamruhusu. Wamesema amepambana, sasa wakati wa kumruhusu umefika." Na hospitali ninyi nyote mnajua neno ni hilohilo, mgonjwa akipona tunasema ameruhusiwa. Mama akapiga magoti palepale. Shangazi akaanza kupigia ukoo mzima. Mama alitoa mashuka mapya akatandika kitanda cha kaka usiku uleule, akisema akifika atakuwa amechoka na safari. Mimi nilikuwa mtoto wa sekondari. Ile sauti ya daktari ilinibakia masikioni, haikuwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. Lakini mtoto hawezi kumsimamisha baba aliyefurahi namna ile.

Simu ya pili ikaja alfajiri. Sauti nyingine, ya mwanamume. Akataja saa, akatoa pole. Baba akamwambia, "But you said you will let him go." Yule bwana akajibu kwa huruma kabisa: "Yes, sir. We did. It was very peaceful."

Hakuna aliyedanganya. Ukichukua sentensi moja moja hukuti kosa. Mtu alimwomba baba ridhaa ya kuzima mashine za mwanawe, na baba akaitoa akishukuru.

Baadaye walitueleza kwa maandishi kwamba ubongo ulikuwa umekwisha kufa na jibu lolote la baba lisingemrudisha. Tulimsomea barua ile, wazee wakakaa naye, mama akamwambia hana lawama. Alikuwa akijibu jambo moja tu: "Nilimwambia asante." Tangu siku ile sikumsikia akitamka Kiingereza. Hata redio ikisoma habari kwa Kiingereza alikuwa anatoka nje.

Nauliza wanaofanya kazi hizo, siulizi kwa ugomvi. Kwa nini hawakusema "kufa"?

Kambi Popote
Pole sana ndugu yangu. Sina neno.

Bint Zawadi
Nimelia. Kile kitanda. Mungu ampumzishe kaka yako na amtulize mzee.

Baharia wa Zamu
Ndugu, yangu niliyoandika hapo juu ni bure kabisa mbele ya hii. Pole.

Shoka
Pole. Nitasema kitu kitachukiza. Mzee alipaswa kuuliza. Mtu akiambiwa jambo la mwanawe kwa lugha ya watu, anauliza mara tatu.

Mpole Daima
Angeuliza nini wakati ameelewa? Anayeuliza ni mtu mwenye shaka. Mzee hakuwa na shaka, hilo ndilo lililomuumiza. Futa hiyo.

Shoka
Sifuti. Sijamtukana mtu.

Mkalimani wa Jioni
Daktari naye msimhukumu haraka. Sisi wenyewe tunasemaje? "Ametutoka." "Ametuacha." "Amelala." Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa "mama ametuacha" si atauliza amehamia wapi? Kila lugha inakifunika kifo. Yule daktari alichagua neno la huruma kwao, na pengine alilia akirudi kwake.

Mpole Daima
Huruma isiyoeleweka inamfaa nani?

Nesi wa Zamu
Nyumba ya Pili, pole kutoka moyoni. Umeuliza, nami nimefanya kazi hiyo, nitakujibu.

Tunafundishwa kulitamka neno lenyewe. Kuna mwongozo wa hatua sita wa kutoa habari mbaya, unaitwa SPIKES, ulichapishwa mwaka 2000 kwa ajili ya madaktari wa saratani na leo unafundishwa sehemu nyingi. Hatua mojawapo za mwanzo ni kumwuliza ndugu anaelewa nini mpaka sasa, kabla hujamwambia lolote. Kama wangemwuliza baba "unaelewaje hali ya mwanao?", angejibu "hajambo", na chumba kizima kingejua kwamba hajafika walipofika wao.

Kingine tunachofundishwa ni kumwomba msikilizaji arudie kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Usimwulize "umeelewa?", kwa sababu kila mtu husema ndiyo. Mwambie: "Nieleze ukiwapigia ndugu utawaambia nini." Baba yako angesema, "Nitawaambia anarudi." Hapo ndipo yule daktari angesimama.

Na mkalimani. Marekani, kwa mfano, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpatia mkalimani mtu asiyekimudu Kiingereza vizuri, bila malipo, na msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Shida ni watu kama mzee wako, wanaoongea Kiingereza kizuri. Hakuna anayewaza kuwaitia mkalimani. Msamiati wa ofisini unatosha kumfanya daktari aamini kwamba mnaelewana.

Kwa nini hawakusema kufa? Kwa sababu neno hilo linaogopesha mdomoni mwa anayelitamka. Nimewaona madaktari wenye mikono isiyotetemeka kwenye upasuaji wakishindwa kulitoa. Simtetei. Nakuambia nilichokiona.

Nyumba ya Pili
Asante, Nesi. Hilo la kurudia kwa maneno yake. Nitakaa nalo.

Wakili Mtarajiwa
Niongeze jambo la mahakamani, linahusiana. Uingereza, usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda paa la ghala Croydon ili waibe. Christopher Craig, miaka 16, alikuwa na bastola. Derek Bentley alikuwa na miaka 19. Polisi akamshika Bentley. Upande wa mashtaka ukadai kwamba Bentley alimpigia kelele mwenzake: "Let him have it, Chris." Craig akafyatua, akamjeruhi yule polisi begani, na baadaye akamuua konstebo Sidney Miles.

Maneno hayo yana maana mbili. Moja: mpe hiyo bunduki. Nyingine: mtwange risasi. Mashtaka yakashika ya pili. Vijana wote wawili walikana kwamba maneno hayo yalitamkwa. Craig hakunyongwa kwa sababu ya umri. Bentley, ambaye hakufyatua risasi hata moja na alikuwa tayari mikononi mwa polisi, alinyongwa tarehe 28 Januari 1953. Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu yake Julai 1998, kwa sababu jaji aliliongoza juri isivyo haki. Miaka 45 baada ya kamba.

Shoka
Hiyo ni "let him have it". Mada ni "let go". Tusichanganye.

Wakili Mtarajiwa
Ni "let" ileile, Shoka. Mruhusu awe nayo, au mpige. Mtu ananyongwa katikati ya maana mbili na wewe unagombania kichwa cha mada?

Mwalimu Mstaafu
Wakili, hoja yako ina nguvu, ila uwe mwangalifu. Kesi ile haikusimama kwenye maneno hayo peke yake. Sheria ya kushiriki uhalifu kwa pamoja nayo ilikuwa mezani.

Wakili Mtarajiwa
Nakubali, mwalimu. Lakini maneno hayo ndiyo yaliyobaki vichwani mwa watu.

Mshumaa
Wakuu, naona mada imekua kuliko nilivyotegemea. Naomba na njia za kujilinda. Mtu afanyeje?

Mkalimani wa Jioni
Akisema "let go", uliza swali moja: kesho asubuhi niwe wapi? Jibu lolote litakuonyesha maana.

Kambi Popote
Mimi naomba kila kitu kwa maandishi. Sikubali neno la mdomo.

Bint Zawadi
Maandishi hayasaidii. Dada wa Mshumaa angepata barua yenye maneno yaleyale angeenda nayo uwanja wa ndege akitabasamu.

Mpole Daima
Mwambie huelewi. Hakuna aibu.

Shoka
Ukisema huelewi kazini wanaanza kukuona mzigo. Kaa kimya, nenda kamwulize mtu unayemwamini, urudi na jibu.

Baharia wa Zamu
Melini tunarudia agizo kabla ya kulitenda. Ukiniambia fungua kamba ya omo, nakujibu: kufungua kamba ya omo. Haichukui muda wowote. Msimsikilize Shoka kwenye hilo la kukaa kimya.

Bint Zawadi
Kuna na "let yourself go", msiisahau. Rafiki yangu alicheza kwenye sherehe mpaka viatu vikavuliwa. Mwenzetu mmoja akamwambia kesho yake, "You really let yourself go!" Alitaka kusema alijiachia, alifurahi. Rafiki yangu alikuwa ameshasikia maneno hayo yakisemwa kwa mwanamke aliyenenepa na kuacha kujitunza. Hawakusalimiana mwezi mzima. Sentensi ileile ni sifa na ni tusi, na tofauti iko kwenye uso wa msemaji, ambao kwa ujumbe wa simu huuoni.

Mwalimu Mstaafu
Hapo Kiswahili kimetutendea wema. "Kujiachia" na "kujitelekeza" hayawezi kukaa kinywa kimoja.

Mpole Daima
Shoka, ile kauli yako kwa mzee bado iko pale juu.

Shoka
Iko, na maoni yangu ni yaleyale. Ila Nyumba ya Pili, mzee wako namwombea, na nasema kwa moyo mmoja.

Nyumba ya Pili
Nimepokea, Shoka.

Mgeni wa Leo
Samahanini kuingilia, nimejiunga sasa hivi kwa ajili ya hii mada. Nimepata barua pepe kazini mchana huu: "As part of the review we may have to let some positions go." Wenzangu wanasema positions ni madawati na vyumba, kwamba tunahamia jengo dogo. Ni kweli?

Mshumaa
Pole mgeni, karibu. Positions hapo ni nafasi za kazi, yaani watu. Usisaini chochote leo. Jibu barua pepe hiyohiyo, waulize mambo matatu kwa lugha nyepesi: je, nafasi yangu imo, siku yangu ya mwisho ya kazi na ya mshahara ni ipi, na nina muda gani wa kukata rufaa. Kama kazini kwenu kuna chama cha wafanyakazi, wapelekee nakala kabla hujalala. Wakikujibu, weka jibu lao hapa neno kwa neno, tulisome pamoja.

Wakili Mtarajiwa
Na mkataba wako wa ajira utafute usiku huu, ule wenye sahihi yako. Angalia kipengele cha notisi.